Ujumbe Mnene wa Kila Jumatatu

Montréal, tarehe 10 Februari 2025

Papa,

Jambo sana. Miye niko muzima, na baridi ya huku nayo iko muzima, imekataa kabisa kuondoka. Asubuhi nikienda kazini navaa nguo juu ya nguo mpaka naonekana kama gunia la makala ya kupikia. Gauthier aliniambia kwa simu kama mvua imebeba kipande cha ukuta wa nyuma. Ni kweli? Na yeye, pale Kakanda, bado wanamuweka kazi ya usiku mu mine, ao wamemubadilisha? Na Mamie wa jirani bado anagombana na kuku zake? Umusalimie.

Leo nakuandikia barua ya nyumbani juu ya jambo la kazi, kwa sababu barua za kazi nimekutumia tatu na hukujibu hata moja. Na kwa simu, unajua namna inakuwaka: "unanisikia? unanisikia?", halafu inakatika.

Jambo njo hili. Unajua kama service yetu ya kufuata mizigo inatuma ujumbe kwa mashine za wateja kila mara muzigo unapofanya kitu: umeingia, umeondoka, umefika, unangoja. Webhook ya zamani, ule ujumbe wa mashine kwa mashine, ilikuwa nene. Ilibeba kila kitu pamoja: jina la mutumaji, jina la mupokeaji, simu yake, uzito, njia yote ambayo muzigo ulipita. Ujumbe mupya ni mwembamba. Unabeba namba ya muzigo na jambo lililotokea, basi. Mashine yako ikiupata, inarudi kwetu na ufunguo wake na kuuliza: huu muzigo uko namna gani sasa? Tunaijibu. Sababu unaijua kuliko miye. Ujumbe munene ukichelewa njiani, unafika na habari ambazo zimekwisha kuzeeka, na mashine yako inaziamini.

Wateja wote wamehama. Wote, Papa, hata yule wa Matadi ambaye serveur yake iko chini ya meza ya bibi yake, kati ya viatu. Amebaki mumoja tu, ajansi ya mizigo ya Likasi, na fundi wake ni wewe. Tarehe 30 Juni tunafunga munene. Miye njo nasimamia kazi hii. Kila réunion mukubwa wangu, Steve, anaonyesha jina la ajansi yenu kwenye ukuta, jekundu, peke yake. Hajui kama fundi ni baba yangu.

Kwa muntu kama wewe ni kazi ya siku mbili. Uniambie nini inakuzuia.

Mutoto wako,
Carmen


Likasi, tarehe 2 Machi 2025

Carmen mwanangu,

Barua yako ilinikuta nimekaa mbele ya mashine. Kwa heshima nilisimama ili niisome, halafu mugongo ukanikumbusha miaka yangu, nikakaa tena. Niko muzima namna muntu wa umri wangu anaweza kuwa: goti la kuume linajua mvua itanyesha lini kuliko redio, na macho yanaona vizuri sana kila kitu kilicho mbali na ambacho sina kazi nacho.

Ukuta ni kweli. Gauthier alileta mufuko wa sima ya kujengea, akajenga mistari mitatu ya matofali, akasema atamalizia wikendi ijayo. Toka pale wikendi nyingi zimepita na mistari ni ileile mitatu. Sina la kusema, huyo mutoto ni damu yangu kabisa. Kazi ya usiku bado. Amekonda, naye anasema ni sport. Mamie amepunguza kuku, na sasa ukuta umeanguka, sahani ya chakula, bukari na sombe, inapita pale wazi bila shida. Kila jioni ananiletea. Nilipomuambia asijisumbue, miye pia najua kupika, akanijibu: "Papa Flori, bukari ya muntu mumoja si bukari. Ile ni uji yenye kukosa adabu." Sikubishana. Amekwisha kuona sufuria yangu.

Mujomba wako Zéphirin alipita juma lililopita. Alikaa, akakunywa chai, akaangalia kitambaa cheusi ambacho nimefunga mukononi, akasema: "Beau-frère, dada yangu Émilienne alituacha mwaka jana, mwezi wa pili. Mwaka umetimia. Matanga tutatosha lini, tuondoe kilio?" Nikamuambia watoto hawajatimia. Akaniuliza: "Unangoja Carmen?" Nikasema watoto hawajatimia, basi. Akacheka kidogo: "Utangoja mpaka siku ile tutaanza na matanga yako mwenyewe, tufanye yote mbili mara moja." Unamujua, anachekaka akiwa anasema kweli. Tuliachana vizuri.

Sasa kazi yako. Unaniuliza nini inanizuia. Kwanza, courant, huu umeme wetu wa kwenda na kurudi. Ujumbe munene ni kama mugeni anayefika na muzigo wake wote. Ukimufungulia mulango mara moja, yamekwisha. Mwembamba anapiga hodi, anasema "kuna jambo", halafu miye njo natoka kwenda kuuliza jambo gani. Nikitoka, courant imekwisha kwenda. Nabaki njiani, sina jambo, sina na mugeni. Pili, miye ni mashine ya zamani. Nimeanza kazi hii wakati kompyuta ya kampuni ilikuwa inajaza chumba kizima na tulikuwa tunavaa koti kwa sababu yeye ndiye alihitaji baridi. Tatu, patron wa ajansi anasema kitu kinachotembea usikiguse. Nne nimesahau, lakini ilikuwa ya nguvu.

Nitajaribu. Usimuambie Steve kitu. Aendelee kuona nyekundu, ni rangi nzuri.

Baba yako,
Floribert


Montréal, tarehe 16 Machi 2025

Papa,

Nimepata barua yako na nimecheka peke yangu mu métro, watu wakanihama kidogo. Unaandikaka kama padri anayejua masimulizi ya bar. Nashukuru kwa habari. Umusalimie Gauthier, umuambie kama ukuta una mistari mingi kuliko mitatu. Umusalimie na mujomba Zéphirin.

Juu ya courant, dawa iko rahisi. Mashine yako ikipata namba, iiweke pembeni. Courant ikirudi, iulize. Haiharibu kitu kuchelewa, kwa sababu jibu litakuwa la saa ileile unapouliza. Njo uzuri wake.

Lakini Papa, nimeangalia kwa upande wetu. Mwanzo wa mwezi huu mashine yako iliuliza kwa namna mupya. Iliuliza mizigo mingi na ikapata majibu yote sawasawa. Hakuna kosa hata moja. Hata ile mambo ya kuweka namba pembeni umekwisha kuifanya, vizuri kuliko namna nilikuwa nataka kukufundisha. Kwa hiyo kazi umeimaliza. Unanichezea na koti zako za zamani.

Muzigo wa mwisho ambao uliuliza ni ule uliotoka huku kwangu. Ulipata jibu lake. Halafu ukazima jaribio, ukarudi kwa munene. Toka pale, kimya.

Sikuulizi kitu. Nasema tu kama nimeona.

Huku theluji imekuwa na rangi ya majivu. Jumapili nilipika mboga ya lengalenga, ya congelé, iliyoganda kwa barafu. Haikuwa lengalenga.

Carmen


Likasi, tarehe 11 Mei 2025

Carmen,

Unisamehe kwa kimya. Nilikuwa na sababu nzuri, nimezihesabu zote na hakuna hata moja iliyobaki imesimama. Vumbi limeanza, malori yanapita na asubuhi nguo kwenye kamba zinakuwa na rangi ya matofali. Gauthier ameongeza mustari wa ine. Nilimusomea maneno yako. Alisema wewe ni mukubwa wa matofali toka Canada. Miye goti limenyamaza sababu mvua imekwisha, sasa mugongo umechukua kazi yake.

Acha nikuelezee jambo la hapa ajansi, halafu utaona kama ninakujibu.

Courant ilipotea upande wetu siku nyingi. Huko kwenu ujumbe ulijikusanya, mashine yenu ikangoja kwa upole, na siku ile courant ilirudi, zote ziliingia pamoja kama watu wanaotoka misa kwa mulango mumoja, wa nyuma mbele, wa mbele nyuma. Programu yangu ikaziamini zote. Ikaanza kutumia watu SMS: muzigo wako umefika, muzigo wako umefika. Watu ambao mizigo yao ilikuwa imekwisha kubebwa zamani.

Kesho yake akafika Mama Madeleine wa Buluo, yule anayeuzishaka samaki kavu karibu na gereza. Alikuja na kinga, baiskeli yake, toka kule, jua kichwani. Cathy wetu wa ajansi alikuwa kwenye guichet, dirisha la kutolea mizigo.

"Cathy, muzigo yangu imefika."

"Mama Mado, gunia yako ulibeba juma iliyopita. Si tulikuwa wote, nilikusaidia kuipandisha ku kinga?"

"Ile ni ya juma iliyopita. Hii message iko ya leo. Soma."

"Naona. Ni mashini imechelewa."

"Mashini inachelewa, samaki haichelewe? Nipe ile gunia ya pili."

"Haiko gunia ya pili, mama."

"Basi mashini yenu ni mwongo."

"Haiko mwongo. Inasemaka kitu ya zamani kama vile ni ya leo."

"Na mwongo anafanyaka namna gani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Cathy akaniita nitoke nieleze. Nikatoka na kalamu yangu sikioni, nikaeleza vizuri, na mifano. Mama Madeleine alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kasirani: "Papa, kama weye unajua kama habari imekuwa ya zamani, juu ya nini unaendelea kuituma?"

Nikamuomba pole, nikamubebea kinga kuvuka mufereji. Nilirudi ndani na kukaa.

Sasa, ule muzigo. Wewe na miye tunaujua, lakini hatujaandika jina lake hata siku moja, kwa hiyo nitaanza miye. Ni ule uliouweka mu mikono ya musafiri kabla ya Noeli yake ya mwisho, kwa ajili ya mama yako. Ulifika Lubumbashi, ajansi ikauandikisha kwa jina la Émilienne, ukapanda hapa Likasi. Wakati ulifika tulikuwa tumekwisha kumuzika. Toka pale uko nyuma ya Cathy, juu ya étagère, ile rafu ya mizigo.

Kila Jumatatu asubuhi ujumbe munene unaingia: muzigo unangoja, mutumaji Carmen, mupokeaji Émilienne, Likasi. Programu yangu inafanya kazi yake. Simu ya mama yako, mu kabati, inalia mara mbili. Naichaji siku ya Jumapili. Njo hivyo. Muntu mwingine akifanya hivyo ningemucheka.

Mwezi wa tatu nilipouliza kwa namna yako mupya, jibu lilikuja mara moja: muda umepita, urudishwe kwa mutumaji. Mu munene Émilienne bado anangojewa. Mu mwembamba hangojewi tena. Nikihama, Jumatatu ya kwanza mashine yangu itauliza, itaamini, itatuma agizo, na Cathy atauweka muzigo kwenye gari la kurudi. Na simu haitalia.

Utaniambia: Papa, uende tu uuchukue. Cathy angenipa. Lakini kazi yake ni kuuliza, "Mupokeaji atakuja yeye mwenyewe?" Anajua. Foleni nzima inajua. Lakini angeuliza, na miye ningepaswa kujibu pale, na kalamu sikioni.

Basi. Uliniuliza nini inanizuia. Haikuwa courant.

Floribert


Montréal, tarehe 22 Juni 2025

Papa,

Hii barua nimeianza na kuiacha, nimeianza na kuiacha. Niko muzima. Huku joto limefika, watu wanakaa inje mpaka saa tatu ya magaribi na jua bado liko. Gauthier alinitumia picha ya ukuta. Ni muzuri. Umepinda kidogo upande wa Mamie, lakini ni muzuri.

Nilimuambia Steve. Nilimuambia kama yule mwekundu wa Likasi ni baba yangu, na kama kuna muzigo mumoja. Alisema atanipa mpaka Ijumaa ya mwisho ya Julai, na baada ya pale atafunga mwenyewe, kwa sababu kuuweka munene hai kwa ajili ya mumoja kunatuchukulia watu wawili kazini, na miye ni mumoja wa wale wawili. Si muntu mubaya. Aliniletea kahawa, akaenda.

Papa, na miye niko na jambo. Kwa upande wa mutumaji pia kuna ujumbe. Muda ukipita, mutumaji anaulizwa: muzigo urudi kwako, ao kuna mupokeaji mwingine? Ukichagua mupokeaji mwingine unaulizwa sababu, na kati ya sababu iko moja inayosema "mupokeaji hayuko tena". Nimeulizwa hivyo zaidi ya mwaka. Nafungua, naangalia, nafunga. Na unajua nani aliandika yale maneno? Ni miye. Nilikuwa mupya kazini, waliniambia niandike sababu fupifupi. Niliona kama nimeandika vizuri.

Siku ya maziko niliomba ruhusa ya muchana tu. Sikurudi nyumbani sababu yule ninayekaa naye angeniuliza. Nilienda mahali pa kufulia nguo, pale kwenye mashine za kulipa, nikakaa sababu kuna joto na hakuna anayeuliza muntu amekuja kufanya nini. Sikuwa na nguo ya kufua. Gauthier alinipigia toka makaburi, nikasikia watu wanaimba, halafu "unanisikia? unanisikia?", ikakatika. Sikumupigia tena. Nilimuambia baadaye kama simu ilikosa nguvu. Haikuwa hivyo.

Karatasi zangu za kukaa huku bado. Avocat anasema labda mwaka ujao. Nikitoka kabla hazijatoka, mulango unafungwa nyuma yangu. Kwa hiyo usiningoje, Papa. Mutoshe matanga. Ufungue kile kitambaa. Mujomba ana haki.

Hukuwahi kuniuliza juu ya nini sikufika, hata mara moja. Nilikuwa nangoja uniulize.

Carmen


Likasi, tarehe 24 Agosti 2025

Carmen mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mbele ya sahani ya kitu kilichotoka mu udongo na si mu frigo. Miye niko muzima. Baridi yetu imekwisha, ile ambayo ungeicheka, na moto wa majani umeanza ku milima, kila kitu kinanuka moshi mpaka chai. Gauthier wamemutoa kazi ya usiku. Sasa analala usiku kama watu, na muchana ana nguvu za kunikosoa. Ukuta umeisha. Mamie hakufurahi, sahani sasa inabidi ipite kwa barabara, na anasema watu wataanza kusema. Nilimuambia waseme, kwa umri wangu ni sifa.

Ulingoja nikuulize juu ya nini hukufika. Sikukuuliza kwa sababu nilijua, na kwa sababu ningekuuliza ungeomba musamaha, na sikutaka kuusikia kwa simu inayokatika. Njo hivyo tu. Nilifikiri ninakuhurumia. Kumbe nilikuacha pale kwenye mashine za nguo, peke yako.

Sasa kazi. Ijumaa ile ya Steve, kabla ya saa sita, niligeuza. Nilifuta anwani ya munene kwa mikono yangu. Patron aliniuliza kama kitu kinatembea, nikasema tutaona. Jumamosi na Jumapili mizigo iliingia, namba kwa namba, mashine ikatoka, ikauliza, ikarudi. Sijaona kazi safi hivyo. Ninasema hivi nikiwa ni miye niliyeifanya, lakini kweli ni kweli.

Jumapili sikuchaji ile simu. Nilitoka mu chumba, nikarudi, nikatoka tena.

Jumatatu nilikuwa kazini mapema. Namba ikaingia. Namba tu, na neno moja: unangoja. Ilikuwa na sura ya zile zingine zote, haikuwa na kitu cha kuangalia. Mashine ikatoka kwenda kuuliza. Réseau ya mutandao ilikuwa muzito, nikaona inazunguka, inazunguka. Nilikuwa nimekwisha kujitayarisha kwa agizo la kurudisha. Nilimuomba Cathy mapema asiuweke kwenye gari la asubuhi, auweke kwenye la jioni, kama vile masaa machache yangefanya kitu.

Simu yangu njo ililia. Yangu, mu mufuko wa shati. "Papa Floribert, muzigo wako umefika. Umetoka kwa Carmen." Niliusoma. Maneno ni yangu mwenyewe, niliyaandika kwa ajili ya watu wote wa Likasi na Buluo na Kakanda, na siku ile yalikuwa kama sijawahi kuyaona. Sijui ulibonyeza lini ile sababu. Sikuulizi saa. Najua tu kama ulibonyeza.

Nikaenda guichet. Nilifuata foleni kama muntu yeyote.

"Carte," Cathy akasema.

"Cathy, umenijua toka ulipokuwa stagiaire wa kujifunza kazi."

"Namujua Papa Flori. Mupokeaji wa huu muzigo ni mupya, simujui. Nione carte."

Nikatoa carte yangu ya utambulisho. Akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha tena, muda murefu kuliko kazi inavyoomba. Akasema: "Hapa ulikuwa muzuri." Akageuka, akashusha muzigo, akaupangusa kwa mukono ingawa haukuwa na vumbi. Étagère nzima ina vumbi, muzigo ule tu hauna. Hakuuliza swali lingine. Muntu nyuma yangu akasema, "Papa, wenye mizigo ni wengi", nikatoka.

Nilifungulia nyumbani, juu ya kitanda. Ni pantoufles, viatu vya kuvaa mu nyumba, zile za manyoya ya kondoo. Namba 41, sababu alikuambia kama miguu imeanza kuvimba na viatu vinakataa. Alikuwa amekuambia wewe. Miye aliniambia ni vumbi la barabara. Nilikaa na hilo pia.

Miye ninavaa 43. Kisigino kinabaki inje, lakini ninatembea nazo mu nyumba, polepole, kama muntu anayevuka mufereji. Mamie aliniona kwenye mulango, akasema: "Papa Flori, kondoo amekufanya nini?" Nikamuambia zimetoka Canada. Akaangalia miguu, akasema ni rangi nzuri.

Matanga tulitosha Jumamosi, tarehe 16. Kwa upande wa mama yako wanafanya namna yao. Mukubwa wa familia anasimama, anaita watoto wa marehemu mumoja mumoja, kila mumoja anaitika, halafu kitambaa kinafunguliwa. Zéphirin alisimama, na koti lake lile la maharusi yote. Watu walikuwa wengi, viti tuliazima parokia. Akaita: "Gauthier." Gauthier akasema: "Niko." Akaita: "Carmen."

Nilikuwa nimetayarisha kujibu kwa ajili yako. Tulikuwa tumepatana na Zéphirin, nilikuwa na maneno mazuri ya kifaransa na yote. Mudomo haukufunguka. Watu wakangoja. Muntu akakohoa. Gauthier akaniangalia. Miye nilikuwa naangalia viatu vya Zéphirin.

Halafu nyuma, kwenye masufuria, Mamie akasema kwa sauti ya kawaida, kama muntu anayeulizwa chumvi iko wapi: "Iko njiani."

Zéphirin aliniangalia miye, sababu ni miye ndiye ningepaswa kusahihisha. Halafu akasema, "Vema", akaja kunifungua mukono.

Sikumukatalia Mamie yale maneno, Carmen. Na weye usimukatalie.

Papa yako,
Floribert